Nyasi Zilizoponzwa na Huruma

Siku yangu ya kwanza kazini niling'oa mashina kumi na manne ya nyasi kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimechukuliwa kama kibarua wa bustani katika nyumba ya wageni ya shamba moja la mkonge, upande wa Korogwe. Ni shamba lilelile ambako babu yangu alikuja kukata mkonge, akitokea kusini. Niliambiwa nisafishe mbele ya baraza. Kwetu uwanja safi ni ule uliofagiwa hadi udongo ukabaki na mistari ya fagio, na majani yakiota karibu na nyumba unamkaribisha nyoka. Nikashika jembe.

Msimamizi wetu tulimwita Bwana Bustani. Alikuwa Msambaa, mtu mzima, asiyepaza sauti. Alisimama juu ya lile lundo.

"Nani kafanya hivi?"

"Shikamoo. Ni mimi. Niliambiwa nisafishe."

"Marahaba. Umesafisha kweli. Hata bustani hatuna tena."

Wenzangu wakacheka. Yeye akachutama, akalipasua shina moja katikati kwa panga, kisha kila nusu akaipasua tena. "Umekuta kumi na manne," akasema. "Kabla ya jioni nataka hamsini na sita, na yote yawe ardhini. Haya, binti, umeshaanza kazi."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuzalisha nyasi za manyoya. Ni nyasi za huku huku Afrika, za mahali pakavu. Hazitambai, huota kwa mafungu, majani membamba yakimwagika pande zote, na juu yake hutoka manyoya marefu yenye rangi ya zambarau iliyofifia. Tulizifuata kando ya barabara ya kwenda Magoma, kwenye kokoto ambako hata mchicha pori hukata tamaa. Wageni wa shamba walizipiga picha. Sisi vibarua tulishangaa mtu anayepiga picha majani.

Bwana Bustani alifundisha kwa maneno machache. Mahali majani yanapokutana na mizizi alipaita kitovu. Kitovu kikizikwa, shina huoza. Kikiachwa juu mno, hukauka. Kilingane na udongo. Kabla ya kupanda, majani yakatwe yabaki urefu wa kiganja, ili mizizi isihangaike kulisha mwili mkubwa. Samadi kidogo sana, maana shina lililoshiba hulala chini. Mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi, nyasi zote hunyolewa. Na manyoya yakikauka hukatwa kabla mbegu hazijapeperuka. "Shamba la mtu si bustani yako," alituambia.

Somo la mwisho lilikuwa la maji. Shina jipya hunyweshwa kila siku kwa wiki mbili, kisha kila siku ya tatu, kisha mara moja kwa wiki, kisha basi. Hiyo tuliiita kuachisha ziwa. Mizizi isipoona kiu haiendi chini kutafuta.

Miaka ilipita, wageni wakapungua, nyumba ile ikafungwa. Bwana Bustani alikuwa ameshastaafu. Nilikuwa na watoto wawili wa shule nilipopata kazi Handeni, katika kituo kimoja cha afya, kwa mkataba wa miezi sita. Mkuu wangu sasa alikuwa Mganga Mfawidhi, daktari kijana mwenye haraka, aliyetembea na kalamu sikioni kama fundi seremala.

Kituo kilikuwa na shida moja kubwa. Nyuma ya wodi ya wazazi palikuwa na mteremko mtupu, na kila masika udongo uliteremka mpaka ndani. Manesi walinisimulia jinsi tope lilivyowahi kufika chini ya vitanda, mama waliojifungua wakiwa wamekumbatia watoto na miguu wameipandisha juu. Waliotangulia walipanda maua, lakini maua yalitaka maji kila siku, na Handeni yote inajua maji maana yake nini. Huwezi kushika mpira wa maji na kunywesha maua huku akina mama wamepanga madumu yao getini wakikutazama.

Nikamweleza Mganga Mfawidhi habari za nyasi za manyoya. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Zitazuia udongo?"

"Mizizi yake ikishuka, zitazuia."

"Na maji?"

"Mwezi mmoja tu, daktari. Baada ya hapo sitaomba hata kikombe."

"Sikia, Mama Zuhura. Nakupa mwezi mmoja wa maji ya tangi. Baada ya hapo nikikuta udongo umelowa na mvua haijanyesha, tumeachana. Na masika ikikuta mteremko uko wazi, mkataba unaishia hapo hapo. Nitaomba fundi wa mawe."

Nilipanda mashina mia tatu mvua za vuli zilipoanza, kwa mistari ya kukata mteremko, kila shina likitazama nafasi kati ya mashina mawili ya mstari wa chini yake. Vuli ilikuwa haba, lakini yalishika. Mwezi ulipoisha nikafunga mpira. Katikati ya Januari, jua likiwa kali, mashina ya mistari ya chini yakaanza kuwa ya njano. Nilivuta moja, majani yakabaki mkononi, kitovu cheusi, kinanuka. Lilikuwa limeoza, na mvua hatukuwa tumeiona kwa wiki nne.

Kabla sijajua la kufanya, Mganga Mfawidhi alipita, akagusa udongo kwa ncha ya kiatu.

"Umelowa," akasema.

"Si mimi, daktari."

"Mvua?"

"Hapana."

"Basi ni malaika." Akachomoa kalamu sikioni, akaangalia saa. "Ijumaa nataka maelezo."

Ilikuwa Jumanne. Niliketi kwenye ngazi ya stoo, mahali ninapoona mteremko wote, nikatazama. Wauguzaji, yaani ndugu wanaowapikia wagonjwa, waliosha sufuria zao kwenye sakafu ya saruji mwisho wa wodi. Mmoja baada ya mwingine, akimaliza kuosha, hakumwaga maji pale. Aliyabeba hadi kwenye nyasi, akayamimina polepole. Niliwahesabu kumi na mmoja kabla ya adhuhuri. Aliyekuja mara nyingi kuliko wote alikuwa bibi mmoja wa Kizigua, aliyekuwa akimuuguza mumewe mwenye kidonda cha mguu. Yeye alisema bismillahi kabla ya kila sufuria.

Nikamwendea. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyezipanda hizi na kuzitelekeza?"

"Ndiyo mimi."

"Huna huruma. Zina kiu, zinakutazama, na wewe umekaa kwenye ngazi umetoa macho. Kiumbe ukikinywesha unapata thawabu. Mume wangu amelala wodi ya wanaume, unafikiri mimi naacha thawabu ipite?"

"Bibi, zinakufa."

"Si ndiyo maana nazinywesha!"

Nilimng'olea shina moja lililooza. Akalinusa, akalirudisha haraka. Kisha nikamng'olea moja la mstari wa juu, ambako hakuna aliyepanda na sufuria. Mizizi yake ilikuwa mirefu kuliko mkono wangu hadi kiwikoni. Akaipima kwa mkono wake.

"Kumbe ni kama mbuzi wa Wamasai," akasema. "Ukimfungia ndani unamharibu."

"Lakini thawabu yako siwezi kukunyima," nikamwambia. "Nitafutie mtu wa kunipa machipukizi ya migomba."

Watu wa Handeni hupanda mgomba penye bafu, kwa sababu mgomba haukatai maji ya kuoshea. Niliona aibu kwamba sikulifikiria hilo tangu mwanzo. Kesho yake shemeji yake bibi alileta machipukizi sita kwenye baiskeli, nikayapanda kando ya ile saruji. Mashina yaliyooza nusu niliyang'oa, nikakata pabovu, nikayaweka kivulini hadi kesho yake, kisha nikayapanda upya juu ya vituta vidogo. Hayo yalihitaji kuachishwa ziwa tena, kopo moja kila siku ya tatu. Maji ya tangi sikuwa nayo. Niliomba ya sufuria, na bibi akajipa usimamizi.

"Wewe! Hilo limekunywa juzi!" ungemsikia akifoka. "Peleka kwenye mgomba. Thawabu ni ile ile."

Ijumaa nilimpeleka Mganga Mfawidhi mpaka pale, nikamweleza yote. Bibi akadakia kabla sijamaliza. "Daktari, kosa ni letu. Ukimfukuza huyu, nani atatuzuia?"

Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Kisha akasema, "Masika ndiyo itaamua," na akaondoka.

Masika iliamua mchana mmoja wa mwezi wa tatu. Mvua ilishuka kwa saa mbili, nasi tulisimama mlangoni mwa wodi ya wazazi, mimi, yeye na nesi wa zamu mwenye fagio la maji mkononi. Kwenye mistari ya juu na ya kati, maji yalishuka yakiwa karibu meupe. Chini, upande wa saruji, palibomoka hatua kama tatu. Tope likaja, likapanda hadi kizingitini, likatulia hapo. Nesi hakufagia kitu. Ndani mama mmoja aliendelea kunyonyesha bila kugeuka.

"Pale palipobomoka?" Mganga Mfawidhi akauliza.

"Ndipo paliponyweshwa. Mizizi yake haikushuka."

"Ungeweza kuniambia ni mvua tu."

"Ungekuja kuchimba, ungeona."

Alichomoa kalamu yake. Mkataba uliofuata ulikuwa wa mwaka, na baada yake ajira ya kudumu. Nilikaa pale hadi nilipostaafu. Bibi na mumewe walikuwa wamerudi kwao kabla ya mvua zile, mzee akitembea kwa mkongojo.

Sasa naishi Manundu, hapa Korogwe. Siku hizi nyasi za manyoya zinauzwa kwenye viriba vya miche kando ya barabara kuu, na watu wanazipanda mbele ya gesti na nyumba mpya. Vijana wa vitalu hunifuata na maswali. Wananiuliza dawa, wananiuliza mbolea. Mimi huuliza kwanza nani mwingine anapita hapo, maana bustani haina mtu mmoja. Anayeua mmea kwa uvivu ni rahisi kumkamata. Anayeuua kwa huruma hukusalimia vizuri kila asubuhi, na ni lazima umtafutie kitu kingine cha kuhurumia.

Mengine nimeshayaandika hapo juu. Panda kitovu sawasawa na udongo, nyoa mwishoni mwa kiangazi, kata manyoya kabla ya upepo. Ukishaliachisha ziwa shina lako, siku ya jua kali ukapita umeshika chupa ya maji, na moyo ukakuuma, kunywa wewe.