Vitendawili vya Shangazi wa Malori

Kwenye meza ambayo shemeji yangu aliketi miaka mingi akiongoza malori kwa mdomo, leo kuna kioo. Kinaonyesha ramani, na juu ya ramani malori yanatembea kama sisimizi wenye namba. Ndani ya kila lori kuna kijicho cha kamera kinachomtazama dereva usoni. Akifumba macho kupita kiasi, king'ora kinalia kama kuku aliyebanwa na mlango. Kijana anayekaa mbele ya kioo hicho ana adabu, sina ugomvi naye, ila madereva wote anawaita kwa namba za magari yao. Namba saba akichukuliwa na usingizi, kioo kinamwambia. Namba saba ameoa lini, anauguza nani, amegombana na nani kabla ya kutoka, hayo hayamo kwenye kioo na kijana hayaulizi.

Mimi ni fundi wa matairi. Nimeziba pancha katika yadi hii hadi mgongo umekubali kukaa ulivyopinda. Kusoma nilijifunza kwenye magazeti yaliyokuja yamefungiwa vipuri, kwa hiyo habari nyingi za dunia nazijua nusu, nusu nyingine ilikuwa na grisi. Lakini habari za shemeji yangu nazijua nzima, na kwa kuwa amestaafu na watu wameanza kumsahau, naziandika.

Madereva walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa mfupi, miguu yake ikining'inia kitini bila kugusa sakafu, na usukani hakuwahi kuushika. Hata baiskeli ilimshinda. Kazi yake ilikuwa kupanga safari: nani anabeba nini, anapita wapi, anapumzika wapi. Chai yake ilipoa mezani kila siku kwa sababu ya simu, na kila siku alipoionja alikunja uso na kusema chai ya siku hizi haina moto.

Aliingia kazini kwa mlango wa msiba. Mumewe, mdogo wangu wa kunifuata, alikuwa dereva wa yadi hiihii, enzi za baba yake tajiri wa sasa. Siku aliyokufa alikuwa ametoka safari moja, akapewa nyingine kabla injini haijapoa. Aliyempanga alijua. Aliyempakia alijua. Mwenye mzigo ndiye aliyekuwa akimhimiza kwa simu. Lori likaingia korongoni, na ripoti ikasema dereva alilala. Kesi ikaishia hapo, maana marehemu hakati rufaa. Wote waliomsukuma walikuja mazikoni wamevaa vizuri, wakamwambia mjane kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

"Ya Mungu haina," shemeji akawajibu. "Yenu je?"

Kisha akawakaribisha wakae, maana jua lilikuwa kali.

Tajiri mzee, nadhani kwa haya, akampa kazi ya mezani. Wengi walidhani atadumu mwezi mmoja. Yeye akakaa, akavuta simu, na katika siku zake za kwanza tu akagundua kitu ambacho wapangaji wote waliomtangulia hawakukijua au hawakutaka kukijua. Dereva ukimuuliza kama amechoka, atasema hapana. Akiwa amechoka kabisa atasema hapana kwa sauti kubwa zaidi.

Basi akaacha kuuliza. Akaanza kutega vitendawili.

Wa rika langu tulilelewa navyo. Mtu akisema "kitendawili", unajibu "tega", na ukishindwa huambiwi jibu mpaka utoe mji. Leo mtoto ukimwambia akupe mji anakutazama kama umemwomba figo. Lakini madereva wale walikuwa wamelelewa kama sisi, na Shangazi alijua kwamba mtu mwenye akili zake hatoi mji kirahisi. Dereva aliyelala vizuri alibisha. Alitaja majibu matano ya uongo, akadai kitendawili chenyewe kina kasoro, akamwambia Shangazi anazeeka vibaya. Akilazimika kutoa mji, alitoa ule wenye mizani ya kupimia malori, kwa sababu hakuna dereva aliyeupenda. Shangazi alishapewa mji ule mara nyingi hata tukawa tunamwita diwani wake. Lakini aliyechoka alikosa nguvu ya kubisha. Alishindwa upesi, akatoa mji upesi, na Shangazi akamwambia aegeshe.

Vitendawili vya zamani hakuvitumia, kwa kuwa hivyo mtu anavijibu hata akiwa usingizini. Alitunga vipya asubuhi akipiga pasi, akanijaribia mimi nikibandua matairi. Nikikipata upesi alikitupa.

"Wewe ukikiweza, shemeji," alisema, "hata lori lenyewe litakiweza."

Tajiri mzee alipofariki, mwanawe akashika kampuni, na wakati wake ikaja sheria mpya. Aliiweka kwenye fremu na kuitundika ofisini, juu ya meza ya Shangazi. Nikaisoma yote kwa kidole. Ilisema lori likipata ajali, dereva hatabebeshwa lawama peke yake. Aliyepanga safari, aliyepakia, mwenye gari, na hata anayeusubiri mzigo upande wa pili, kila mmoja atajibu kwa sehemu yake ikiwa alimsukuma dereva, au alijua akanyamaza. Mimi nilisema hiyo ni karatasi nyingine ya kutegea vumbi. Siku hizi wapangaji wanagusa kioo kwa kidole mahali palipoandikwa "nimekagua", nao hawajainuka kitini, kwa hiyo sikukosea sana. Shemeji alisimama mbele ya fremu ile kwa muda mrefu, miwani mkononi.

"Ingekuja mapema," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Tulikuwa na dereva mmoja tukimwita Bwana Harusi, kwa sababu siku ya kwanza kazini alikuja na koti alilovaa siku ya harusi yake, hakuwa na jingine la heshima. Alibeba maziwa kwa lori la tangi, kutoka kituo cha kukusanyia hadi kiwandani. Alasiri moja yenye joto Shangazi akampigia kama kawaida, simu ikitoa sauti mezani. Mimi nilikuwa mlangoni na tairi magotini. Bwana Harusi akasema yuko njiani, amechelewa kidogo, hajambo.

"Kitendawili," Shangazi akasema.

Tukasikia injini tu.

"Kitendawili, wewe bwana harusi."

"Tega, Shangazi."

"Ndugu zangu wanakimbizana kutwa. Wa nyuma hamfikii wa mbele, na safari ikiisha wamefika wote."

Nikacheka, nikaligonga tairi langu. Shangazi akanikazia jicho ninyamaze.

"Sijui," Bwana Harusi akasema.

"Jaribu."

"Nimeshindwa, Shangazi."

"Mapema hii? Haya, nipe mji."

Nikangoja nisikie mji wa mizani.

"Chukua nyumbani kwangu," akasema.

Shangazi akaweka kikombe chini. Mtu anatoa miji ya watu, hatoi kwake. Anayetoa kwake ameshaacha kupigana, na aliyekuwa ameacha kupigana alikuwa ameshika usukani wa tangi lililojaa.

"Mbele yako kuna nini?"

"Kituo cha mafuta."

"Ingia hapo. Zima injini, ulale."

"Shangazi, kiwanda kinafunga lango jioni. Maziwa yakirudi, tajiri atanila nyama."

"Nyama yako haitoshi mchuzi. Ingia, nakusikiliza."

Tukasikia gia zikishuka, breki za upepo zikipumua, kisha kimya. Shangazi akamwambia avue viatu, asipokee simu ya mtu mpaka aamke mwenyewe, na aizime kabisa.

"Nikiizima, tajiri akinitafuta?"

Kabla Shangazi hajajibu, tajiri mwenyewe akatoka chumbani kwake, simu mkononi. Bwana Harusi akasikia sauti yake, akakata bila kuthubutu kuizima simu. Simu yake ikabaki wazi, nasi tukajua kwamba ikilia mara moja tu kwa jina la tajiri, yule ataamka na kuwasha gari. Hakuna dereva asiyewasha.

"Mama, kiwanda wananipigia," tajiri akasema. "Tangi liko wapi? Maziwa hayo wakiyakataa, wataipa kampuni nyingine kazi. Nampigia aongeze mwendo."

"Ameegesha. Sauti yake ni ya mtu ambaye hajalala."

"Dakika chache tu zimebaki afike. Nitampa mapumziko kesho."

"Mwanangu," Shangazi akamwambia, naye hakuwa na desturi ya kumwita hivyo kazini, "mpigie, sikukatazi. Lakini kwanza keti."

Tajiri akaketi, nadhani kwa mshangao. Shangazi akapiga simu kiwandani kwa simu ya mezani, akaiacha itoe sauti. Kwa simu yake ya mkononi akampigia msimamizi wa kituo cha maziwa, akaiweka kando ya ile ya mezani, masikio yameelekeana kama mashoga wawili wanaosengenya. Akauliza kituoni dereva wake alifika lini.

"Jana jioni," msimamizi akasema. "Mashine ya kupozea ilituharibikia. Tumemjazia asubuhi."

"Alilala?"

"Atalala wapi, mama? Foleni ilikuwa inasogea, angelala angepitwa."

"Na wewe wa kiwandani, unasikia?"

"Nasikia," akajibu mpokea maziwa, sauti kavu. "Lakini lango lina saa zake."

"Sawa. Sasa dereva huyu hajalala, na sote wanne tunajua. Hakuna anayeweza kwenda popote kusema hakujua." Akaivuta karibu simu yake. "Naomba mmoja wenu aniambie, 'Mwamshe aendeshe.' Yeyote. Nitamwamsha sasa hivi, na nikija kuulizwa nitamtaja aliyeniambia."

Msimamizi wa kituo alikohoa. Mtu wa kiwandani alisemezana na mtu kando, kisha akarudi.

"Mimi nilikuwa nauliza tu," akasema.

Tajiri alikuwa akiitazama fremu ukutani, ile aliyoitundika mwenyewe. Akajikuna shingo.

"Maziwa yakiganda je, mama?"

"Maziwa yakiganda yana mnywaji. Mtu akiganda?"

Tajiri akamtazama, kisha akanitazama mimi, nami nikainamia tairi langu. Akatia simu mfukoni.

"Marehemu baba alikuwa anakuogopa," akasema. "Nilidhani ni heshima tu." Akasogea mezani akaongea na kiwanda kwa mdomo wake, akisema tangi ni la ubaridi, linaweza kungoja, na kuchelewa ni kwake yeye mwenye gari. Mtu wa kiwandani akaguna. Mwishowe akasema atamwacha mlinzi langoni, ila tusizoee.

Tajiri akaondoka. Simu zikakatwa. Nilipaswa kurudi kwenye matairi yangu, nikabaki nimeketi kizingitini, kwa kuwa shemeji naye hakuinuka. Yadi ikapoa. Wapakiaji wakanawa miguu bombani wakaenda zao. Yeye alikuwa na simu mapajani kama anavyopakatwa mtoto mwenye homa.

"Yule wa kwangu sikumtegea," akasema. "Aliniaga kwa simu, nikamwambia njia njema. Naye alinijibu kwa upole sana. Yule mtu mbishi, shemeji, unamjua. Kwa nini sikushangaa?"

"Hukuwa mpangaji."

"Nilikuwa mke."

Nikamwambia tairi la mbele la lori la mchanga limekwisha, lisitoke kesho. Akasema sawa, halitoki. Tuliyasema hayo polepole, kama watu wanaojadili jambo kubwa.

Simu ililia jua likiwa linagusa ukuta wa yadi. Aliiacha ilie kidogo, akafuta miwani, ndipo akapokea.

"Matairi, Shangazi," sauti ya Bwana Harusi ikasema, nzito bado kwa usingizi lakini imejaa.

"Nini?"

"Jibu la kitendawili. Wanakimbizana kutwa. Ni matairi, na mimi nimeyakalia. Ila kina kasoro: tairi la akiba halikimbizani na mtu, na safari ikiisha limefika. Hicho si kitendawili, ni uonevu."

Shemeji akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu alasiri nikaona meno yake.

"Umechelewa, bwana harusi. Mji umeshautoa."

"Mji gani?"

"Nyumbani kwako. Ni kwangu sasa, na mkeo nimeshamwita mpangaji wangu, alipe kodi."

"Aa, Shangazi, hiyo sikuitoa mimi, ni usingizi. Nirudishie."

"Peleka maziwa kwanza. Taratibu, wanakungoja, lango liko wazi. Ukimaliza, uje upakomboe mwenyewe."

Tukasikia injini ikiwaka, naye bado anabishana kuhusu tairi la akiba. Shangazi akamwacha abishe hadi alipokata simu mwenyewe. Kisha akakumbuka kikombe chake, akanywa, na akakunja uso.