Weupe Wangu na Kilo ya Sukari

Jamani, naona haya hata leo kusimulia, lakini mkishacheka mtanisamehe: niliumbuka mbele ya mtaa wetu wa Ngokolo mzima, wakwe zangu wakiwemo, na chanzo chake ni kilo moja ya sukari.

Enzi zile za foleni, sukari ilikuwa haionekani. Wakaja wataalamu kupima damu za watu wa mjini, wanatafuta zebaki, ile dawa ya wachimbaji ya kunasia dhahabu, maana wengine walikuwa wameanza kuichoma kwa siri majumbani. Ukitoa damu, unapewa kilo ya sukari. Mume wangu, Baba Masanja, karani wa kiwanda cha pamba, akasema, "Mama Masanja, sisi na zebaki wapi na wapi? Achana nao." Mimi huyo, mbio, mkono nimeshaukunjua.

Baada ya wiki kadhaa majibu yakarudi. Daktari akaniita pembeni (pembeni yenyewe karibu kabisa na balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye masikio yake hayakuwahi kulala) akaniambia, "Mama, una zebaki nyingi kuliko wote, ndiyo inayokutetemesha mikono. Mnachoma dhahabu?"

"Hata sijawahi kuiona."

"Basi unatumia sabuni ya kujichubua? Nazo zina zebaki."

"Mimi?" nikapaza sauti. "Weupe huu nimerithi kwa bibi yangu mzaa mama!"

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Kama si sabuni ni dhahabu, balozi akahitimisha, na jioni ile akaja na mgambo, wakapindua godoro, wakachimbua mafiga, wakamwaga mpaka unga wangu wa udaga, ule wa muhogo mkavu, majirani wamejaa hadi barabarani. Wakwe zangu nao (shida haiji peke yake) walikuwa wamekuja kutoka kijijini kumwona mjukuu. Dhahabu haikuonekana, lakini Baba Masanja akafungwa kamba. "Zebaki haiingii mwilini yenyewe," balozi alisema. "Utaeleza kituoni."

Mnajua kwetu Usukumani binti mweupe ng'ombe wake huongezeka. Posa ilipokuja nilikuwa nang'aa, kumbe nimeshaoga sabuni ya magendo tangu mavuno, baba mkwe akaongeza ng'ombe bila kubisha, na mama mkwe mpaka siku ile alikuwa akitamba mnadani kuhusu mkwewe mweupe wa kuzaliwa. Nikisema, ng'ombe watadaiwa. Nikinyamaza, mume wangu atalala ndani kwa kosa la uso wangu.

Nikafungua kifundo cha khanga, nikatoa kipande nilichokificha walipoanza kupekua. "Mwacheni. Zebaki ni hii hapa."

Balozi akaichukua, akainusa. "Hii si sabuni?"

"Ni sabuni. Naiogea mimi."

Kicheko kilichofuata sijakisikia tena maishani. "Ndiyo maana vidole vilikataa kuwa vyeupe!" alipiga kelele jirani yangu Mama Kulwa. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na unga wangu.

Baba Masanja, akijisugua mikono iliyofunguliwa kamba, akaniambia taratibu, "Nilijua tangu harusi."

"Ulijua, ukakubali kufungwa?"

"Ningesemaje, na baba amekaa pale na ng'ombe wake?"

Nililia, siwafichi. Baba mkwe akakohoa, akatazama chini, mwishowe akasema, "Ng'ombe wameshazaa, hatuwezi kuwarudisha. Ila mkamwana, lile dume jekundu kwa kweli linaniuma."

Sabuni niliitupa chooni jioni ile ile, nikaapa kwamba atakayenipenda anipende na rangi niliyotoka nayo tumboni mwa mama. Kesho yake asubuhi mama mkwe akanifuata jikoni, akachungulia huku na huku, akaninong'oneza, "Mayu, mama, hakijabaki hata kipande?"

Nilimmiminia chai, ya sukari ile ile, nikamnyooshea kikombe, akaangalia mkono wangu unavyotetemeka na chai inavyomwagika mpaka ikabaki nusu. Akakipokea kwa mikono yote miwili, na hakuuliza tena.