Bwana Trei Mbele ya Kamera

Mume wangu ana kiburi cha miguu. Maisha yake yote kabeba trei hotelini, ndiyo maana wenzake wanamwita Bwana Trei: mgongo wima, uso mkavu, supu haimwagiki hata tone. Nyonga ilikuwa imeharibika, lakini akijua anatazamwa alitembea kama bwana harusi. Nyumbani je? Alijikokota akishika ukuta na kunifokea mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemvunja.

Daktari alisema waziwazi: hakuna upasuaji mpaka mwendo wake upimwe kwa video. Tukaenda. Chumba kirefu, kamera huku na huku, na binti wa vipimo mbele ya kompyuta. Akatueleza kwamba kompyuta inasoma magoti na nyonga za mtu kwenye video, kisha inachora kijimtu cha mistari kinachotembea kama yeye.

"Baba, tembea kawaida tu," akasema.

Kawaida! Bwana Trei akainua kidevu, akaenda, akarudi. Jasho lilimtiririka lakini mguu haukutetereka.

Binti akaangalia skrini. "Mbona mwendo mzuri? Kwa vipimo hivi, baba, upasuaji hawatakupa."

Mori ukanipanda. "Mwongo mkubwa wewe! Tembea kama unavyoenda chooni!"

"Nyamaza, mwanamke. Unanidhalilisha mbele za watu."

Ninyamaze? Nilimwinamia binti, nikamnong'oneza: mwambie tumemaliza, ila usizime. Akanikodolea macho, kisha akaelewa.

"Haya baba, tumemaliza. Kavae viatu."

Viatu vilikuwa mwisho wa chumba. Loo! Alishika ukuta, akauburuta mguu, akaguna. Kwenye skrini kijimtu kikapinda upande kama kiti kilichovunjika mguu. Nililia palepale. Miaka yote nilisikia matusi yake tu. Maumivu yenyewe sikuwahi kuyaona wazi hivi.

Akageuka, akakiona kijimtu. "Nani huyo?"

Nikamwelekezea kidole yeye mwenyewe.

"Futa," akamwambia binti.

"Ukifuta utanitambua," nikasema.

Hakufuta. Video ikaenda kwa daktari.

Sasa ana nyonga mpya, na anatembea vizuri kweli. Kila asubuhi ananiletea chai, mgongo wima, tone halimwagiki. Anaiweka mezani bila kunitazama usoni. "Karibu, mama," anasema, kama anavyowaambia wageni wa hoteli, kisha anaondoka.