Ibada ya Saa Nne

Kazini kwake Alexandria, huko Marekani, Flaviana alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta kama wengine, na alipolalamika kwamba wenzake hawaelezi vizuri mabadiliko wanayofanya, walitabasamu wakaendelea. Kwa hiyo Mchungaji Elisante alipomkabidhi tovuti ya kanisa lao la Waswahili kule Riverdale Park, aliona Mungu amempa kundi lake hatimaye.

Kundi lenyewe lilikuwa watu wawili. Ochieng, kila akigusa kitu, aliandika, "Nimefix." Jacqueline, aliyezaliwa Maryland na wazazi wa Kitanzania, ndiye mwenye kurasa za Kiingereza, na ujumbe wake ulikuwa picha ya dole gumba.

"Hapana, jamani," Flaviana aliwaambia. "Kila badiliko lina ujumbe wake. Anza na kitenzi cha kuamuru, taja kilichobadilika, toa sababu. Na iwe Kiswahili sanifu."

"Even me?" Jacqueline aliuliza.

"Hasa wewe."

Walinung'unika, wakanyooka. Muda si mrefu historia ya mabadiliko ya tovuti ikasomeka kama zaburi. Asubuhi Flaviana aliifungua akinywa chai, kuifurahia tu.

Wiki ya Pasaka aliandika ujumbe wake mwenyewe: "Badilisha saa ya ibada iwe saa nne. Sababu: ukumbi una watu wengine mapema." Jacqueline aliusoma kwa makini, akarekebisha ukurasa wa Kiingereza: 4:00 PM.

Jumapili wazee waliabudu asubuhi, wakasikitika kwamba vijana wa Marekani hawamjui Mungu, wakala pilau. Jioni, viti vikiwa vinakunjwa, vijana wakaingia na wageni wao, wamependeza.

"Jackie, mbona hukuniuliza?" Flaviana alisema, uso umemshuka.

"Niulize nini, dada? Message ilikuwa clear kabisa. Kitenzi kipo, sababu ipo."

Mchungaji Elisante alivaa joho tena, akahubiri upya, safari hii kwa Kiingereza na kwa ufupi. Vijana waliimba walivyotaka. Hakuna aliyesinzia.

Baraza la wazee lilipokutana, lilipongeza ubunifu wa idara ya mtandao na kuamua kwamba kuanzia sasa kila Jumapili itakuwa na ibada mbili. Flaviana, ambaye Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa nafasi yake pekee ya kulala, aliteuliwa kwa kauli moja kusimamia zote.