Gavana wa Mfalme Azuru Jumeirah Village Circle

Niliondoka Ras Al Khor, hapa Dubai, kwa sababu ya kiti. Katika ghala la vipuri ninalolinda hakuna kiti wala kivuli. Kuna jua, na kuna mimi. Kampuni yetu ya ulinzi inalinda pia shule moja ya Wamarekani kule Jumeirah Village Circle, na askari wa getini alikuwa akirudi kwao kabisa. Nakato, Mganda anayefanya usafi pale, akanipigia simu.

“Kaka Mutua, madam anatafuta mtu wa kuigiza gavana kwenye mchezo wa watoto. Mzazi aliyepangwa ameugua. Ukimfurahisha madam, atakuomba wewe kwa kampuni.”

Kibanda cha getini kina kiyoyozi, na kiti chake kina mto. Nakato alijaribu kunieleza kuwa mchezo unahusu maisha ya gavana wa koloni huko Amerika ya zamani, nikamkatiza. Mkenya aelezwe gavana ni nini? Sisi tunao arobaini na saba.

Alhamisi asubuhi, siku yangu ya mapumziko, nilishuka soko la Naif kutafuta wigi. Dukani nilimkuta mama mmoja wa Unguja akikusanya mzigo wa kupeleka nyumbani.

“Mwanangu, wigi hilo wamchukulia mkeo?”

“Hapana mama, ni langu.”

“Makubwa!” Alinitazama uso, akalirudisha nililoshika, akanichagulia jingine refu la mawimbi, rangi ya dhahabu. “Basi chukua hili. Hilo lakuzeesha.”

Nilikuwa nimesikia kwamba magavana wale walivaa nywele nyeupe, kwa hiyo nikanunua na poda ya watoto wachanga.

Kutoka Naif nilipanda treni, kisha basi, nikiwa nimeshavaa kabisa ili nizoee cheo. Kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu safari nzima, heshima ambayo sijawahi kuipata Dubai. Ila nilipotembea kutoka kituoni hadi shuleni, jasho na poda vilikutana shingoni vikawa uji.

“Katonda wange!” Nakato akamwita Mungu wake kwa kelele mlangoni. “Kaka, umeangukia unga? Yalla, ingia, madam anangoja.”

Madam, mwalimu mkuu, alinivisha koti jekundu lililonibana kwapani. Akaniambia nipande jukwaani, niwaamuru watoto kwa jina la mfalme, nao watanifukuza hadi kwenye meli ya maboksi iliyokuwa pembeni. Wazazi wao, Wamarekani wengi, walikuwa wameketi na simu zao juu, wakisubiri uhuru.

Nilipanda. Nilipouona umati ule, damu ya nyumbani ilinichemka. Niliwapungia mkono. Nikawasalimu mara tatu mpaka waitike kwa nguvu. Nikatambua uwepo wa madam, wa walimu, wa wazazi, na wa mwakilishi wa wadi niliyemteua hapo hapo kutoka safu ya mbele. Nikaahidi barabara ya lami hadi kwenye bembea na zahanati karibu na choo. Kisha nikacheza kidogo, maana gavana asiyecheza hachaguliwi tena.

Kasichana kenye kofia nyeupe, kiongozi wa wananchi, kakasimama na kusema maneno yake kwa ukali: “Mfalme anatuonea!”

“Asante kwa swali zuri, mama,” nikajibu. “Nimelisikia. Nitaunda kamati.”

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Ukafika wakati wa kunifukuza. Hakuna mtoto aliyenyanyua mguu. Kasichana kakaweka upanga wake wa boksi chini.

“Sisi tunamtaka huyu,” kakatangaza.

Madam alikuwa mwekundu kuliko koti langu. Nakato akachomoza kichwa nyuma ya pazia.

“Kaka, hukupigiwa kura! Umetumwa na mfalme! Hawa wanatakiwa wakuchukie! Kiti, kaka, kiti!”

Nilishtuka kweli. Gavana asiyehitaji kura! Sikujua kitu kama hicho kiliwahi kuwapo duniani. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuwapenda wananchi wangu, lakini nikajikaza.

“Kuanzia leo,” nikatangaza, “mapumziko yamefutwa.”

Kasichana kakaokota upanga wake.

“Na aiskrimu yenu nitaila mimi, peke yangu.”

Waliniangukia kama siafu. Meli ilipasuka kabla sijaipanda. Nilimwagiwa chai baridi iliyokuwa imepakiwa melini, wigi likaenda, mkono mmoja wa koti ukafuata, nikatoka getini mbio huku wazazi wamesimama wakishangilia.

Jioni nilikuwa kwenye basi la kurudi Ras Al Khor, nimelowa na nimenyong'onyea. Nilikuwa nimejifunza kwamba kupendwa na watu hutaka hotuba ndefu, kuchukiwa hutaka sentensi mbili tu. Lakini kiti hakuna aliyekitaja, na nilijiona mjinga.

Simu ikalia. Alikuwa madam.

“Watoto wanalia,” alisema. “Wanaogopa gavana atarudi. Nimewaahidi kwamba kuanzia Jumatatu getini kutakuwa na askari mpya, mkali, ambaye hatamruhusu aingie. Kazi hiyo unaiweza?”

“Madam,” nikamwambia, “huyo mtu hapiti. Nitamtambua hata akivua wigi.”