Siku Mivukuto Iliponyamaza Milanzi

Flavian hakai. Watu wa Milanzi wanamjua kwa hilo kuliko hata kwa kazi yake. Ukimkuta ameketi, basi anakula, na hata hapo sahani iko mkononi na mguu mmoja umeshaelekea mlangoni. Mkewe Albina aliacha zamani kumwita mezani. Chai yake humwekea juu ya pipa nje ya karakana, naye huinywa akipita.

Ni mhunzi. Anafua visu, mashoka, miundu na kengele za ng'ombe kwa springi za magari yaliyokufa. Baba yake alikuwa mhunzi, na babu yake pia, huko upande wa Matai kabla familia haijahamia Sumbawanga. Karakana yenyewe ni kibanda cha bati nyuma ya nyumba, na kwa miaka yote ndani yake walikuwa watu wawili: Flavian kwenye nyundo, na kaka yake Zenon kwenye mivukuto.

Zenon haoni. Surua ilimpofusha akiwa mtoto, na baba yao alipoona kwamba mtoto hatakwenda shule, alimkalisha kwenye kigoda mbele ya mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi akamshikisha vijiti vyake. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, moto unapata hewa. Baba akafa, Flavian akaishika nyundo, na Zenon akaendelea kukaa palepale. Mikono ikimchoka husimama, husokota sigara yake, na moto unapopoa ndipo ndugu hao wawili hupiga soga. Hizo ndizo nyakati pekee Flavian alizoweza kusimama mahali pamoja.

Kisha akaja Asnath na feni.

Asnath ni binti wa jirani, fundi simu mwenye kibanda karibu na stendi. Alikuwa amefungua ukurasa mtandaoni wa kazi za mafundi wa Ufipa: nyungo, vikapu, vyungu, visu. Anapiga picha, anaandika maelezo, anatafuta wateja wa mbali, kisha anafunga mizigo na kuipeleka kwenye mabasi. Kengele za Flavian zilipendwa kuliko vyote. Mwenye hoteli mmoja wa Arusha alizitaka za kutundika milangoni, duka moja la Dar es Salaam likazitaka za mapambo, na watu wakawa wanazirekodi zikilia na kutumiana sauti. Oda zikaizidi karakana.

"Shikamoo, baba Urbano," Asnath alimwambia Flavian asubuhi moja, akisimama mlangoni na boksi mikononi. "Nimekaa nikakuangalia. Mikono yako haina tatizo. Unachelewa kwa sababu unasubiri moto."

"Marahaba. Sasa moto nitaufanyaje, nao ni moto?"

"Upate hewa ya kutosha, tena isiyokatika." Akafungua boksi. Ndani mlikuwa na feni ya gari, ile ya kupuliza hewa kwenye dashibodi, aliyoinunua kwa wauza vyuma chakavu. Alikuwa ameifunga kwenye kipande cha bomba na kuiwekea swichi ya kupunguza na kuongeza. "Betri ninayo. Sola tunaiweka juu ya bati."

Zenon alikuwa pale pale kwenye kigoda chake, mikono kwenye vijiti. Alisikia kila neno. Flavian alimtazama, kisha akamwambia Asnath, "Haya, tujaribu."

Walipoiwasha, moto uliruka kutoka wekundu hadi njano na kukaribia weupe. Kipande cha springi kikaiva kabla Flavian hajageuka kuchukua koleo. Alicheka kama mtoto, akapiga nyundo, akacheka tena. Kelele zilipotulia alisikia sauti ya kaka yake nyuma.

"Na mimi nifanye nini?"

"Pumzika, kaka. Umefanya kazi sana."

Zenon alitikisa kichwa polepole, akaviweka vijiti chini.

Kuanzia hapo ndipo Flavian alipokosa raha. Feni haichoki wala haisokoti sigara. Chuma kimoja kikitoka kingine kimeshaiva, na ukikisahau kidogo kinaanza kutoa cheche, kimeungua, hakifai. Flavian akawa anakimbizwa na moto wake mwenyewe. Alikula akiwa amesimama kabisa sasa, bila hata ile nusu ya kukaa. Vidole vilivimba. Albina akimsemesha anajibu jambo jingine.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa nje. Zenon alihamishia kigoda chake ukutani, upande wa jua, na kadiri jua lilivyosogea naye alisogea. Upepo wa Julai ulikuwa unakata, mzee amejifunika blanketi mabegani, uso ameuinua. Flavian kila akiinua nyundo alimwona kupitia mlangoni. Akaanza kumtafutia kazi. Akatoka na kengele mbili.

"Kaka, hebu nishikie hizi."

Zenon akazishika, akazipapasa, akazitikisa. Kisha akasema kwa upole, "Hizi hazihitaji kushikwa, Flavian."

Jumapili, baada ya misa, mwanakwaya mmoja alimwuliza kwa utani, "Nasikia bwana mkubwa amestaafishwa na feni?" Wengine walicheka. Flavian alicheka pia, lakini njia nzima ya kurudi aliwatangulia wenzake, karibu anakimbia, mpaka Albina akachoka kumwita.

Wiki iliyofuata alikwenda mjini kutafuta springi. Aliporudi, kigoda kilikuwa ukutani peke yake.

"Kaka yuko wapi?"

Albina alikuwa anapepeta ulezi. Hakuinua macho. "Ameondoka na lori la saruji linalokwenda bandarini. Yusto ndiye aliyempangia na dereva." Yusto ni shemeji yao, mume wa dada yao Salome, anafanya biashara Kasanga, kule ziwani. "Amebeba nguo zake zote."

"Na wewe ukamwacha?"

"Baba Urbano, yule ni mtu mzima. Amenizidi umri hata mimi. Nimfunge kamba?"

Flavian aliwasha feni, akaizima. Akaiwasha tena. Alifua kengele tatu siku ile na zote alizitupa kwenye chuma chakavu. Alipiga simu Kasanga, Salome akasema kaka amefika salama, ametoka, atamwambia. Akapiga tena jioni, ametoka. Kesho yake, ametoka. Kipofu anatoka kwenda wapi? Flavian akajiona anajua jibu: kaka yake amekasirika na hataki kuongea naye.

Asnath alipokuja kuchukua kengele za Arusha alimkuta anakata nyaya za sola juu ya bati.

"Chukua feni yako," Flavian alimwambia bila kushuka. "Imemfukuza ndugu yangu nyumbani kwake."

Asnath aliinua uso kumtazama kule juu. "Nitaichukua. Lakini yeye amesema hivyo?"

"Anahitaji kusema?"

"Mimi nauliza tu. Umemwuliza?"

Flavian aliziachia nyaya. Alishuka, akaazima pikipiki ya jirani, na hata koti alilisahau. Njia ya Matai asubuhi hiyo ilikuwa na baridi ya kuuma meno, mashamba ya ulezi yameshavunwa na yamebaki makavu pande zote mbili. Flavian aliendesha huku anajihubiria. Atasema hivi. Hapana, ataanza na kuomba radhi. Atasema feni imeshatolewa. Atapiga magoti ikibidi. Alipoanza kuteremka kuelekea ziwani hewa ilibadilika ikawa ya joto, jasho likamtoka, na maneno yote aliyoyapanga yakawa yamechanganyika.

Salome alimwelekeza ufukweni kwa kidole, anatabasamu kwa namna ambayo Flavian hakuielewa.

Alimkuta Zenon chini ya turubai lililofungwa kwenye miti minne, karibu na maboti yanayosubiri mizigo ya Kongo. Ameketi mchangani, miguu ameinyoosha, uzi wa wavu umebanwa kwenye dole gumba la mguu na sindano ya mbao inapita mikononi mwake haraka sana. Pembeni wavuvi wawili walikuwa wanabishana naye kuhusu mpira aliousikiliza redioni. Alikuwa amevua blanketi. Alikuwa amevua hata shati.

"Shikamoo, kaka."

Sindano ikasimama. "Marahaba! Umekuja na pikipiki, unanuka petroli. Kaa."

Flavian hakukaa. "Nimekuja kukuchukua. Feni nimeing'oa. Nafasi yako iko palepale, kaka, na mimi naomba unisamehe, sikufikiri..."

"Umeing'oa?" Zenon alikunja uso. "Kwa nini?"

"Kwa sababu yako!"

Wavuvi wale wakaona ni mambo ya kifamilia, wakajiondoa. Zenon akapapasa mchanga kando yake, akaupiga kwa kiganja. "Kaa kwanza. Kaa, mdogo wangu."

Safari hii alikaa.

"Uliwahi kuniuliza kama naipenda mivukuto?"

Flavian alichota mchanga, akaumwaga.

"Nikiwa mtoto nilimwomba baba nikasuke vikapu na mama. Mikono yangu ilikuwa inapenda kufunga vitu. Baba akasema hiyo ni kazi ya wanawake, na moto unanisubiri. Nikavukuta. Baba alipofariki nikasema sasa basi, lakini wewe ulikuwa na watoto wadogo na hukuwa na mwingine. Nikavukuta. Siku ile binti alipowasha ile kitu, nilikaa nikaisikiliza inavyovuma. Nikajisemea, Zenon, sasa huna tena kisingizio cha kubaki hapa. Ilinichukua muda kupata ujasiri, ndiyo maana ukaniona ukutani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi? Wewe ungesimama usikilize?"

Flavian alitazama ziwa. Alikuwa amekuja na mzigo wa kuomba radhi na sasa hakuna wa kuupokea. Alipaswa kufurahi, na sehemu ya moyo wake ilifurahi. Lakini sehemu nyingine ilimwuma, na akaisema kabla hajaizuia: "Mimi nilidhani tulikuwa tunaipenda wote."

Zenon alinyoosha mkono. Akamtafuta bega, akaliminya.

"Kukaa na wewe nilipenda. Zile soga nilizipenda. Mivukuto ndiyo sikuipenda."

Kisha, kama mtu aliyekuwa anasubiri mambo magumu yaishe, akavuta mfuko uliokuwa nyuma yake akatoa vitu. Mikoba ya nyavu, midogo na mikubwa, iliyofungwa kwa uzi wa buluu na wa kijani, mafundo yake yamelingana kama punje za hindi. Wavu wa wavuvi anautengeneza kwa ajili ya riziki, alisema; hii anaifunga kwa sababu anapenda. Mwanamke mmoja wa Zambia alishachukua mitatu.

"Nataka Asnath aiweke pale anapoweka kengele zako. Na umwambie kitu kingine. Nasikia kuna simu zinazosoma maandishi kwa sauti. Anitafutie."

"Wewe na simu, kaka?"

"Wewe na feni?"

Walicheka wote wawili. Salome aliwaletea ugali na samaki, migebuka ya ziwani, na Flavian alikula akiwa ameketi, mpaka mwisho, akanawa akiwa ameketi.

Kurudi Milanzi hakukumtuliza kama mtu angetarajia. Kwanza ilibidi aende stendi kwa Asnath, asimame mbele ya kile kibanda chenye wateja, na kusema amekosea. Asnath alimwangalia akijipangusa mikono. "Nyaya ulizokata nitaziunga," alisema. "Ila mara nyingine baba, nipigie kabla hujapanda juu." Habari ya simu ilimfurahisha kuliko radhi yenyewe. Alichukua simu iliyotumika, akaiwekea ile sauti ya kusoma, ambayo inatamka Kiswahili kama mgeni aliyefika jana, akaituma kwa dereva wa lori la saruji. Picha za mikoba aliyorudi nayo Flavian akaziweka mtandaoni na jina la Zenon chini yake, na alichoandika kilikuwa kifupi: imefungwa kwa mkono, Kasanga.

Feni ikarudi kuvuma. Kengele za Arusha zikaenda, zimechelewa lakini zimeenda. Flavian bado hakai. Karakana aliiona kubwa mno, na mara kwa mara alikuwa anaanza sentensi kisha anakumbuka hakuna wa kuipokea. Akajifunza kuizima ile feni kila chai inapotolewa, akatoka nje, akazunguka ua mara mbili tatu, akarudi. Albina akamwambia hiyo nayo ni namna ya kupumzika, kwa mtu kama yeye.

Ujumbe wa kwanza wa sauti kutoka Kasanga uliingia asubuhi yenye ukungu. Flavian alikuwa na chuma cheupe kwenye koleo. Akakirudisha motoni, akafuta mkono kwenye suruali, akaiweka simu sikioni. Upepo, injini ya boti, watu wanaitana, kisha Zenon, kwa haraka na karibu mno na simu:

"Flavian, hii kitu inanisomea kwamba kuna mtu Mwanza anataka mikoba mingi, mimi nimeishiwa uzi wa kijani, mwambie Asnath anitafutie... eh, ngoja, naitwa."

Ikakatika. Flavian alisimama na simu mkononi, akisubiri sehemu iliyobaki. Haikuja. Nyuma yake chuma kilikuwa kimeanza kutoa cheche.

"Mama Urbano!" aliita, akigeuka mbio. "Uzi wa nyavu unauzwa wapi mjini hapa?"