Besi Iliyorekodiwa Stooni

Mwanangu alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa letu hapa Kibomet, na wimbo wake wa mwisho aliurekodi ndani ya stoo yangu ya mahindi. Aliichagua kwa sababu ya magunia. Mungu alikuwa ametujalia mavuno mema, na magunia yalipangwa kwenye kuta zote nne hadi karibu na mabati, yakaacha nafasi ya mtu mmoja kusimama katikati. Ukizungumza mle ndani, sauti yako ilitoka mdomoni ikaishia hapo hapo.

"Baba, hii ni studio ya matajiri," aliniambia. "Wenzetu wananunua sponji za kubandika ukutani. Sisi tumepanda zetu."

Alikuwa tayari mgonjwa. Figo zilikuwa zimekataa kazi, na kila wiki tulikwenda hospitali asafishwe damu. Alitaka jambo moja tu: wimbo ukamilike, na sauti yake iwemo. Alikuwa amefundisha watu kuimba tangu ujana wake, lakini kwaya iliporekodi, yeye alisimama nje ya maiki akipunga mikono. Hakuna mahali popote sauti yake ilipokuwa imehifadhiwa.

Fundi wa kuchanganya sauti tulimpata Bungoma. Ni kijana Mwislamu anayeishi karibu na msikiti, na kaswida zao na nyimbo zetu huzitunza kwa uangalifu ule ule. Unamtumia kila sauti katika faili yake, naye anazipatanisha mpaka ziwe wimbo mmoja. Kwa hiyo waimbaji waliingia stooni mmoja mmoja, kinanda kikilia masikioni mwao tu. Mama mmoja wa sauti ya kwanza, aliyejaaliwa mwili, alikwama mlangoni.

"Mwalimu, si utoe gunia moja nipite?"

"Nikitoa gunia, mama, sauti inaharibika."

"Na nikifia hapa mlangoni, wimbo utaimbwa na panya?"

Mwanangu alicheka mpaka akashika ukuta.

Yeye mwenyewe, aliyeimba besi, alijiweka wa mwisho. Ndivyo tulivyo: kwenye karamu ya kwaya mwalimu hupakuliwa baada ya wote. Lakini hospitali haikungoja zamu yake. Gunia baada ya gunia lilitoka kwenda kwa wanunuzi ili tulipe matibabu, na ilipofika siku yake stoo ilikuwa imebaki sakafu na vumbi la pumba. Nilimsikiliza nikiwa nje. Sauti ilikuwa nzito na tulivu, nami nikamshukuru Mungu. Sikujua kwamba kulikuwa na lolote la kuogopa.

Alipokuwa hawezi tena kukaa wima muda mrefu, mimi ndiye niliyetayarisha faili za kutuma. Alilala kwenye kochi akanielekeza. Kila faili iandikwe jina la sauti yake. Nisiongeze pambo lolote. Na zote zianze pale kinanda kinapoanza, hata kama mwimbaji anaingia baadaye sana.

"Usikate kimya, baba. Yule wa Bungoma atajuaje mtu aliingia lini?"

Nimesoma Maandiko maisha yangu yote na kuyafundisha, lakini sikuwa nimejua kwamba hata kimya hutumwa.

Fundi alipiga simu baada ya kusikiliza.

"Mzee, sauti tatu ni safi kabisa. Lakini hii besi, ilirekodiwa chumba kingine?"

"Chumba ni kile kile. Mahindi ndiyo yaliyoondoka."

Nilimweleza.

"Pole sana, mzee. Ina mwangwi. Nikiiweka pamoja na wenzake inakaa mbali, kama mtu anayeimba nje ya mlango. Na mwangwi ukishaingia, hautoki. Si anaweza kurudia?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Mwanangu alisikia yote.

"Mwambie aitoe," alisema. "Atafutwe besi mwingine. Wimbo ni wa kwaya." Kisha akageukia ukuta, na chai niliyomletea ikapoa.

Sikumwambia fundi aitoe. Niliwaeleza wanakwaya baada ya ibada, na sikuwaomba kitu. Jumamosi asubuhi wakaanza kufika. Wengine waliketi nyuma ya bodaboda wakiwa wamekumbatia magunia, wengine walisukuma wilbaro, na mmoja alibeba godoro kichwani. Ilikuwa majira ya kupanda, wakati ambapo mahindi yaliyobaki nyumbani ni ya kula tu, na mama wa nyumba huyapima kwa mkebe wa gorogoro akiwaza mwezi ujao. Yule mama wa sauti ya kwanza alileta gunia zima.

"Leo nimekuja na gunia langu mwenyewe," alimwambia mwalimu wake. "Usithubutu kunifungia mlango."

Tulipomaliza kuyapanga nilimhakikishia mama huyo kwamba yote yatarudishwa kwa wenyewe. Alinivuta kando.

"Baba, wacha tu yakae."

"Hiki ni chakula cha watoto wako."

Aliangalia chini. "Yatahitajika hapa."

Nilielewa. Alikuwa ameleta sauti ya mwanangu na matanga yake ndani ya gunia moja, na alikuwa ameyajua yote mawili tangu anafunga kamba kwake nyumbani. Nilimwambia asante. Nimeshukuru kwa mambo mengi katika maisha yangu, lakini neno lile sikulisema kwa wepesi.

Mwanangu aliimba akiwa ameketi kwenye kiti, blanketi mabegani. Ubeti wa kwanza ulitoka wote, mkavu na wa karibu, kana kwamba anakuambia wewe peke yako. Kwenye ubeti wa pili alifungua kinywa, ikatoka pumzi tu. Alisubiri, akajaribu tena, akavua vipokea sauti vya masikioni.

"Kesho," alisema.

Kesho yake mvua ilianza mapema, na mvua ikipiga mabati hakuna kurekodi. Ikawa hivyo siku iliyofuata, na nyingine. Tulingoja asubuhi kavu. Nilimwomba Mungu azuie mvua, kisha nikaona haya, maana majirani waliotuletea mahindi yao walikuwa wakiiomba hiyo hiyo kwa ajili ya mbegu. Nikaacha kuomba hivyo. Mwanangu alifariki mvua ikinyesha.

Magunia yaliyomzunguka akiimba yalipelekwa kwenye posho mili kusagwa, na unga wake ukalisha waombolezaji mpaka siku ya mazishi. Stoo ikawa tupu tena.

Baadaye nikaketi na kompyuta yake nikatuma faili ile ya mwisho jinsi alivyonifundisha. Fundi akapiga simu.

"Mzee, baada ya ubeti wa kwanza hii faili haina kitu mpaka mwisho."

"Najua. Aliniambia nisikate kimya."

Sikuhitaji kuongeza. "Inna lillahi," nilimsikia akisema polepole. Kisha akaendelea kwa sauti ya chini.

"Ile ya kwanza, yenye mwangwi, bado ninayo. Naweza kuitumia kwa ubeti wa pili. Lakini watu watasikia, mzee. Mwanzo atakuwa karibu, halafu atakuwa mbali."

"Iweke," nikamwambia.

Wimbo ulipigwa kanisani Jumapili moja, baada ya mahubiri. Kwaya ilikuwa imeketi mahali pake. Kwenye ubeti wa kwanza hakuna aliyesogea. Ubeti wa pili ulipoanza, yule mama wa sauti ya kwanza aligeuka akatazama mlangoni. Mimi sikugeuka. Niliendelea kushukuru, kwa shida, mpaka wimbo ukaisha.